Laptopu haiwaki: isome imekwama hatua gani kabla ya kugusa kipuri

Bisibisi00

Wakuu, neno "haiwaki" linabeba magonjwa manne yasiyo na undugu, ndiyo maana mtu ananunua RAM mpya kumbe mbovu ni chaja. Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, itazame mashine uone iko kundi gani.

Kundi la kwanza ni mfu kabisa: unabonyeza kitufe, hakuna taa wala feni. La pili inawaka sekunde chache na kuzima, pengine inajiwasha tena yenyewe. La tatu taa zipo, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. La nne nembo inatokea, halafu inaganda hapo au inasema haioni diski.

Nimegawa hivi kwa sababu umeme ndani ya laptopu unaamka kwa zamu. Chaja inaleta volti 19 hivi (nyingine 19.5 au 20). Zinapita kwenye mosfeti (swichi ndogo za umeme) za mlangoni na kuwa njia kuu ya umeme wa bodi. Kutoka njia kuu zinatengenezwa volti 3.3 na 5 za kudumu, ambazo zipo hata mashine ikiwa imezimwa. Hizo ndizo zinazolisha kidhibiti kidogo kinachosimamia kitufe, betri, feni na kibodi, mafundi wanakiita EC. Ukibonyeza kitufe unaongea na EC, huongei na prosesa. EC inaiamsha chipu kuu, volti za RAM zinafunguka (1.2 kwa RAM za aina ya DDR4, 1.35 kwa DDR3L), za prosesa zinafuata, kila moja inatoa ishara kwamba imetulia, ndipo prosesa inaruhusiwa kuisoma BIOS, yaani programu ya kwanza ya kuamsha mashine. BIOS inapima RAM, inawasha picha, nembo inatokea. Diski inaguswa mwisho kabisa.

Kwa hiyo ukiona nembo, jua chaja, EC, RAM na prosesa vimeshaitika. Kupiga Windows upya kwenye mashine ya kundi la tatu ni kupoteza jioni nzima, kwa sababu diski yenyewe haijafikiwa bado.

Hatua ya kwanza kwa makundi yote: chomoa chaja, chomoa betri (kama ni ya ndani, fungua kifuniko cha chini uvute plagi yake kwenye bodi), kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 30 hadi 60, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu. EC hailali kamwe maadamu kuna umeme, kwa hiyo ikichanganyikiwa haina njia ya kujisahihisha mpaka ikatiwe kila kitu.

PiniYaKati

Nianze na kundi la kwanza kwa sababu watu wanaliruka. Weka multimita kwenye volti za DC, sindano nyekundu ndani ya tundu la kichwa cha chaja, nyeusi ubavuni kwa nje. Isome karibu na namba iliyoandikwa kwenye lebo ya chaja. Ukipata 19 usishangilie bado, kwa sababu chaja iliyochoka inaweza kuonyesha 19 bila mzigo na kuporomoka ikianza kuvutwa. Jaribu chaja nyingine yenye volti zilezile na wati sawa au zaidi. Wati zikizidi hakuna madhara, mashine inachukua inachohitaji tu. Volti zikizidi ndipo unaunguza.

Chaja nyingi za kichwa cha mviringo zina pini nyembamba katikati. Hiyo haibebi umeme wa kuendeshea mashine, inabeba utambulisho wa chaja. Ikipinda au waya wake ukikatika karibu na kichwa, unapata ugonjwa wa ajabu: laptopu inawaka vizuri, betri haichaji, na mashine inatambaa kama kobe. Prosesa inajibana makusudi kwa sababu haijui chaja ina wati ngapi. Watu wanaongeza RAM, wanafuta virusi, kumbe ni pini.

Kwa USB-C mambo ni mengine. Chaja inaanza na volti 5, halafu inaelewana na mashine kupanda hadi 20. Tafuta kile kipimo kidogo cha kuchomeka katikati ya kebo na tundu. Kikibaki volti 5 na ampea sifuri, mazungumzo hayajafanyika: tundu lina uchafu, pini imekatika, au chipu inayosimamia tundu imekufa. Geuza kichwa upande wa pili kwanza. Ikikubali upande mmoja tu, tatizo liko kwenye pini za tundu. Kebo nayo ina ukomo wake: ya kawaida inapitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, hata ukiichomeka kwenye chaja ya wati 100.

Kifuniko_Chini

Wakuu naomba msaada kwa kundi la tatu. Taa ya kitufe inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi, na nikichomeka HDMI kwenye TV nako kimya. RAM, skrini au bodi?

Bisibisi00

Mkuu, subiri kama dakika moja halafu bonyeza Caps Lock. Kwenye mashine nyingi, taa yake ikibadilika kila ukibonyeza, BIOS imeshapita na mfumo uko hai, kwa hiyo tatizo ni la picha tu. Isipobadilika, imekwama kabla ya hapo. Kama HDMI nayo iko kimya, mashaka makubwa yanakwenda kwa RAM, BIOS na prosesa. Skrini iweke kando kwa sasa.

Hesabu pia mimweko. Kwenye Dell nyingi taa inamweka rangi ya chungwa halafu nyeupe: chungwa 2 na nyeupe 3 maana yake haioni RAM kabisa, chungwa 2 na nyeupe 4 RAM ipo ila mbovu, chungwa 2 na nyeupe 7 ni skrini. Kwenye HP za miaka ya karibuni mimweko mirefu myekundu inafuatwa na mifupi myeupe: 3 kwa 2 ni RAM, 3 kwa 5 ni prosesa. Orodha kamili iko kwenye mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, usichukue ya mashine nyingine hata kama zinafanana. Rekodi kwa simu, maana ukihesabu kwa macho unakosea.

Kifuniko_Chini

Imemweka mara moja moja bila mpangilio. Caps Lock haibadiliki.

RabaNaSpiriti

Basi fanya RAM kwa utaratibu, usikurupuke. Chomoa chaja na betri, toa RAM zote. Rudisha moja kwenye sloti ya kwanza, washa, subiri. Hamishia sloti ya pili, washa, subiri. Kisha rudia na ya pili. Kwa RAM mbili na sloti mbili hayo ni majaribio manne, na majibu yake yanakwambia kama mbovu ni kipande au ni sloti. Ikikataa RAM moja kwenye sloti zote, tupa hiyo. Ikikataa sloti moja kwa RAM zote, shida iko kwenye bodi.

Ingiza RAM ikiwa imeinama kama nyuzi 30, isukume mpaka meno ya dhahabu yazame yote isipokuwa mstari mwembamba, ndipo uilaze mpaka vibanio vya pembeni vilie. Wengi wanailaza kabla haijazama. Vibanio vinashika vizuri tu, ila pini hazigusi.

Kusafisha, tumia raba laini ya penseli kwa upole, kisha futa kwa spiriti ya isopropili.

Koili_Moja

Raba sikubaliani nayo mkuu. Tabaka la dhahabu pale ni jembamba mno na raba inalisugua, halafu yale makombo yakidondokea ndani ya sloti umejitengenezea tatizo jipya. Isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi vinatosha.

RabaNaSpiriti

Kwa vumbi na mafuta ya vidole spiriti inatosha, nakubali. Kwa meno yaliyofanya weusi kwa unyevu haitoshi, hapo raba pita mara mbili tu, mbali na mashine, na upulize makombo kabla ya kurudisha. Msugue sugue kila mwezi ndio unaoharibu.

Hilo la "subiri" nalo nalirudia. Ukibadilisha RAM, hasa DDR5, BIOS inajifunza upya kuongea nayo na skrini inabaki nyeusi dakika kadhaa. Ukizima katikati inaanza moja. Mpe dakika 10 kabla ya kusema imekataa.

Na angalia aina ya kibao: DDR3 ya SO-DIMM (RAM fupi ya laptopu) ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262, kila moja na mkato wake, hivyo haziingiliani. Mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L, maana zinaingia sloti moja. Bodi inayotoa volti 1.35 ukiiwekea DDR3 ya 1.5, mara nyingi inabaki nyeusi bila kukueleza chochote.

Shoti_Kuu

Kwenye kundi hilihili kuna visa vya picha tu, tuvimalize haraka. Zima taa za chumba, mulika tochi kwenye skrini kwa mshazari. Ukiona maandishi hafifu, paneli inafanya kazi ila mwanga wa nyuma umekufa: fyuzi ndogo ya mwanga kwenye bodi karibu na soketi ya skrini, kebo, au paneli yenyewe. Fyuzi unaipima kwa mlio wa multimita, mashine ikiwa haina umeme. Isipolia imekatika.

Hiyo fyuzi mara nyingi inauawa na fundi mwenyewe. Kwenye soketi ya kebo ya skrini, pini za volti za mwanga zinakaa karibu na pini za volti ndogo. Ukichomoa au kuchomeka kebo hiyo betri ikiwa bado imeunganishwa, pini zikigusana kwa mshazari nukta moja tu inatosha. Betri itoke kwanza, siku zote, hata kama unabadilisha bawaba tu.

Cha mwisho, sumaku. Laptopu inajua imefungwa kwa kihisi cha sumaku kilicho kwenye fremu. Ukiiweka juu ya laptopu nyingine, au ukiwa na bangili au kava la simu lenye sumaku karibu na sehemu ya kuwekea viganja, inadhani umefunika na inazima skrini. Hapo hakuna kipuri cha kununua.

Kifuniko_Chini

Mrejesho: RAM moja inakubali sloti ya pili tu. Sloti ya kwanza inakataa RAM zote mbili. Sasa inawaka.

RabaNaSpiriti

Mulika ndani ya sloti ya kwanza kwa kioo cha kukuzia. Unatafuta pini iliyozama au kulala kuliko wenzake, au unyuzi wa vumbi. Kama pini zote ziko sawa, kuna uwezekano miguu ya sloti imeachia risasi (solda) kwenye bodi. Ibonyeze kidogo kwa kidole huku ukijaribu: ikikubali ukiwa umebonyeza na kukataa ukiachia, fundi anayeshona bodi airudishie risasi.

Mwali_wa_BIOS

Nirudi kwenye kauli ya Bisibisi00 kwamba ukiona nembo RAM imeshapita. Inahitaji kurekebishwa kidogo. BIOS haipimi kila chembe ya RAM inapowaka, inapita juu juu. RAM yenye eneo dogo bovu inaonyesha nembo vizuri, kisha inakuletea skrini ya bluu yenye makosa tofauti kila mara, au usakinishaji wa Windows unakatika asilimia tofauti kila ukirudia. Makosa yanayobadilikabadilika ni dalili ya RAM, kosa lilelile mahali palepale ni dalili ya diski au draiva. Weka MemTest86 kwenye flashi, iache imalize mizunguko minne. Kosa hata moja tu, hiyo RAM haifai.

Bisibisi00

Nimesahihishwa, asante mkuu. Nembo inathibitisha RAM inatosha kuwasha, haithibitishi kwamba ni nzima.

DadaMultimita

Kundi la pili halijaguswa. Hapa kipimo cha kwanza ni saa. Washa, hesabu sekunde mpaka inazima, rudia mara tano.

Ikizima sekunde zilezile kila mara, kati ya 4 na 10, shuku kitufe kilichokwama. Ukikandamiza kitufe cha kuwashia kwa muda huo, mashine inazima kwa nguvu, na kitufe kilichonata kinafanya hivyo hivyo bila mkono wako. Laptopu nyingi siku hizi kitufe kiko kwenye kibodi yenyewe, hivyo kibodi iliyomwagikiwa chai inaweza kuiwasha na kuizima. Chomoa kebo ya kibodi kwenye bodi. Kama kitufe kiko kwenye kibodi, washa kwa kugusanisha pini mbili za kitufe zilizoonyeshwa kwenye mchoro wa bodi. Ikibaki imewaka, umempata mwizi.

Muda ukibadilika, mara sekunde 20, mara dakika 3, na unafupika mashine ikiwa ya moto, hapo ni joto. Prosesa nyingi zinajizima zikifika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Sababu ya kawaida ni blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba. Kutoka nje huwezi kuliona, inabidi uitoe feni. Ukipuliza kwa hewa, zuia feni kwa kijiti isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi na upepo, beringi zinaumia na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Pesti ya joto: safisha ya zamani kwa isopropili mpaka chipu ing'ae, weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwa chipu ndogo, au mstari mwembamba kwa chipu ndefu. Skrubu za kipoozeo zina namba 1, 2, 3, 4 zilizochongwa pembeni. Kaza kila moja nusu kwa mpangilio huo, kisha rudia kumalizia. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, kipoozeo kinakaa mshazari, pesti inabanwa upande mmoja, na mashine inazima ndani ya dakika. Zile pedi laini za joto zilizo juu ya chipu za jirani zina unene wake, 0.5, 1.0 au 1.5 milimita. Ukibadilisha nyembamba kwa nene, kipoozeo kinanyanyuka na hakiigusi prosesa.

Na ikizima kila baada ya dakika 30 kamili bila kujali unafanya nini, hiyo si joto. Kwenye mashine za Intel ni dalili maarufu ya sehemu ya ME (Management Engine, programu ya Intel yenyewe) ndani ya chipu ya BIOS kuharibika, mara nyingi baada ya mtu kuandika faili la BIOS la mashine nyingine.

Mgeni_wa_Skrubu

Yangu ni kundi la kwanza lakini kwa namna nyingine. Taa ya chaja inawaka ikiwa peke yake. Nikichomeka kwenye laptopu inazimika papo hapo. Nikichomoa inarudi.

Shoti_Kuu

Hiyo ni shoti. Chaja inaona njia imeungana na gandi (upande hasi wa bodi), inajilinda. Usiendelee kuchomeka ukitarajia itachoka.

Toa chaja, toa betri. Multimita kwenye omu, sindano nyeusi kwenye pete ya tundu la skrubu, hiyo ndiyo gandi. Nyekundu unatembea nayo kufuata njia ya umeme: kwanza pini ya tundu la chaja, kisha upande wa pili wa mosfeti ya kwanza, kisha ya pili, kisha kipinzani kikubwa chenye maandishi R010 au R005. Hicho ndicho kinachopima ampea zinazoingia, na baada yake ndipo njia kuu inapoanza. Maelfu ya omu au zaidi ni salama. Chini ya omu 10 kwenye njia kuu ni shoti.

Shoti ikiwa kabla ya mosfeti, angalia tundu na kapasita zake mbili tatu. Ikiwa baada ya kipinzani, mshukiwa wa kwanza ni moja ya kapasita za kauri zilizotapakaa kwenye njia kuu. Zinapasuka ndani kwa ndani bila alama. Anayefuata ni mosfeti za juu za saketi zinazoshusha volti.

Kuipata: chukua pawa saplai ya mezani, weka volti 1, ampea anza na 1 upandishe taratibu mpaka 5, unganisha kwenye njia yenye shoti. Paka isopropili juu ya eneo. Kila mahali itabaki imelowa sekunde kadhaa isipokuwa juu ya kipande kimoja, ambapo inakauka kwa duara linalotanuka kama tone la maji kwenye kikaango. Hicho ndicho. Kitoe, pima tena. Kwenye njia kuu zimo kapasita nyingi sambamba, kutoa moja kwa kawaida hakuzuii mashine kuwaka, ila rudishia yenye thamani na volti zilezile.

Onyo moja. Kabla ya kuingiza volti kwenye njia kuu, pima kama njia kuu imegusana na koili za prosesa. Mosfeti ya juu ikiwa imeungana, volti za njia kuu zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa, na hakuna dawa baada ya hapo.

Mgeni_wa_Skrubu

Kwenye koili moja karibu na prosesa nasoma omu 0.9. Hiyo ndiyo shoti?

Shoti_Kuu

Hapana mkuu, na hapo ndipo bodi nyingi nzima zinapotupwa. Koili za prosesa na za kadi ya picha zina omu ndogo kwa asili yake, 1 au hata chini, kwa sababu prosesa yenyewe ni mzigo mkubwa. Linganisha na koili nyingine za kundi hilohilo, zikifanana ni kawaida. Shoti yako itafute njia kuu.

Koili_Moja

Ongeza na skrubu. Laptopu nyingi zina skrubu za urefu mbili au tatu kwenye kifuniko kimoja. Ndefu ikiingia tundu la fupi inachimba bodi kutoka chini na kukata nyuzi au kugusa gandi. Kama mashine imekufa mara tu baada ya kusafishwa, anza kwa kukagua matundu ya skrubu kabla ya kingine chochote. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, chomeka kila skrubu mahali pake.

Nembo_Imeganda

Kundi la nne jamani. Mashine ilikaa bila kutumika miezi mingi. Sasa inaonyesha nembo, saa inasoma miaka ya nyuma, kisha skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski nimeipima kwenye mashine nyingine, nzima.

Mwali_wa_BIOS

Saa kurudi nyuma ndiyo imekupa jibu. Betri ndogo ya BIOS imeisha, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, kwenye laptopu imefungwa kwenye plastiki yenye waya mbili. Pima, ikiwa chini ya 2.7 badilisha. Ikiisha, BIOS inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mipangilio hiyo si lazima iwe ile iliyotumika Windows iliposakinishwa.

Ingia BIOS, tafuta namna diski inavyosomwa: AHCI, RAID, au VMD kwenye Intel za karibuni. Windows iliyosakinishwa kwa AHCI ikiamkia RAID inakosa draiva na kukuletea kosa hilohilo. Badilisha, hifadhi, jaribu. Usipige Windows upya kabla ya kujaribu hili, ni kitufe kimoja tu. Angalia pia kama namna ya kubuti imegeuka kutoka UEFI (mpya) kwenda Legacy (ya zamani).

Jiandae na kitu kimoja: kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwanza kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Nembo_Imeganda

Ilikuwa RAID. Nimerudisha AHCI, sasa inasema hakuna kifaa cha kubuti. Diski inaonekana kwenye BIOS.

Mwali_wa_BIOS

Basi kiingilio cha kubuti kimepotea. Washa kwa flashi ya usakinishaji wa Windows, bonyeza Shift na F10 upate dirisha la amri. Andika diskpart, kisha list vol. Tafuta kizigeu kidogo cha FAT32, mara nyingi megabaiti 100 hadi 260. Kama ni namba 3, andika sel vol 3, kisha assign letter=S, kisha exit. Hakikisha Windows iko herufi gani, kwa sababu ukiwa kwenye flashi C inaweza kugeuka D: andika dir C:\ uone kama kabrasha la Windows lipo. Kisha:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ikijibu kwamba faili zimeundwa, toa flashi uwashe.

DadaMultimita

Kwa watakaofika kundi la nne diski ikiwa haionekani kabisa, au inaonekana na kupotea: soma hali yake kwa amri ya smartctl -a kabla ya jambo lingine. Kwenye SATA tazama namba 5, 197 na 198. 197 ni sekta zinazosubiri hukumu. Ikiwa juu ya sifuri na inapanda, diski inakufa. Kwenye NVMe tazama akiba iliyobaki, asilimia iliyotumika na onyo la hatari.

Diski inayokufa usiipige chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski). Inaihangaisha kusoma na kuandika kwenye sekta mbovu wakati uhai uliobaki unahitajika kutoa faili. Nakili kwanza diski nzima kutoka mazingira ya Linux:

ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.log

X ni diski mbovu, Y ni nzima yenye ukubwa sawa au zaidi. Hakiki herufi kwa lsblk (amri inayoorodhesha diski) mara mbili, kwa sababu ukizigeuza unafuta ulichokuja kuokoa. Faili la ramani liweke kwenye diski ya tatu au flashi, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Baada ya hapo rudia bila -n, na -r3, kwa zile sekta ngumu. Matengenezo yote fanya kwenye nakala.

Nembo_Imeganda

Imewaka, Windows imefunguka, faili zote zipo. Betri ya BIOS inasoma 1.9.

Mwali_wa_BIOS

Ibadilishe leo. Ukiiacha na betri kuu ikaisha, mipangilio inaweza kurudi RAID tena. Na kabla ya kununua angalia plagi ya ile ya zamani: waya mwekundu uko upande gani. Plagi zinafanana, ila kuna zilizogeuzwa chanya na hasi.